Saa Kumi na Nne za Nchi Kavu

Simu iliita saa tano usiku. Meli ilikuwa Kemondo, upande wa Bukoba, ikipakia ndizi, na nyuma ya sauti ya shemeji nilisikia wapagazi wakigombania mikungu.

"Shemeji, kesho asubuhi tupo Mwanza. Nina karatasi ya kusaini pale mjini, kazi ya nusu saa. Usiku tunarudi na meli hii hii. Nipo na watoto wawili, na mama yupo. Mama anasema anataka kuiona bichi."

Maneno ya mwisho ndiyo yaliyoniondoa kitandani. Mama anayemtaja ni mama mkwe wangu. Nimezaliwa Butimba, hapa Mwanza, nimesoma Butimba, nimeoa nikiwa Butimba, na katika yote niliyofundishwa hakuna aliyenifundisha namna ya kumpeleka mkwe ufukweni. Mkwe haonyeshwi magoti, na ufukweni watu huenda kuonyesha magoti.

Ziwani kwetu hatuna majumba yaeleayo yenye mabwawa ya kuogelea na kumbi za muziki. Tuna MV Victoria, iliyoundwa Scotland, ikaletwa vipande vipande hadi Kisumu, ikaungwa pale na kuanza kazi mwaka 1961, kisha ikakarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020. Lakini siku ya abiria wake haina tofauti na ya mtalii anayeshushwa Mombasa au Unguja na meli ya kifahari. Chombo kimefika, kitaondoka, na katikati umepewa saa kadhaa za nchi kavu. Unaweza kuzimaliza kwa kusinzia juu ya mabegi gatini, unaweza kumlipa mtu akuzungushe, au unaweza kujipangia mwenyewe. Sura hii ni ya hao wa tatu.

Ukishuka saa moja asubuhi na meli inang'oa nanga saa tatu usiku, una saa kumi na nne. Kwa masikio ni nyingi. Kosa la kwanza la kila mtu ni kuanza kuzigawa tangu asubuhi: supu, kisha kivuko, kisha kuogelea, kisha samaki, kisha tutaona. Hiyo "tutaona" ndiyo imewaacha watu gatini. Mimi sasa nahesabu kama anayefumua mkeka, naanzia mwisho. Meli saa tatu usiku. Saa moja usiku tuwe bandarini, maana kuna foleni, kuna mizigo, na kuna mtoto atakayetaka choo muda ule ule tunapokaguliwa tiketi. Saa kumi na moja jioni tuwe tumeshavuka kurudi upande wa mji, hata kama tutakaa tu tukinywa soda. Kwa hiyo chakula kiwe kimeliwa saa nane. Kwa hiyo samaki awe ameagizwa saa tano na nusu, kwa sababu sato wa kuagiza huku kwetu mara nyingi unapoketi mezani bado hajavuliwa magamba. Ukifika hapo unagundua kwamba zile saa kumi na nne, za kuchezea maji ni tatu tu, na zote ni za asubuhi.

Sikuzaliwa na hesabu hii. Miaka ya nyuma niliwapeleka wageni ng'ambo ya maji, sitataja gati wala chombo, nikapanga turudi na kivuko cha mwisho kwa sababu ratiba ilisema kipo. Kilikuwepo kweli. Ila lori lililotangulia kupanda lilizimika juu ya ulimi wa kivuko, nusu majini nusu nchi kavu, na dereva akashuka akafungua boneti kama mtu anayeanza kazi ya siku nzima. Tulisimama pale tukitazama taa za mji zikiwaka moja moja upande wa pili. Mgeni wangu hakusema kitu. Alitoa tiketi yake ya meli mfukoni, akaisoma, akairudisha. Baada ya dakika kama tano akaitoa tena. Tuliiwahi meli mlango ukiwa unafungwa, na urafiki wetu haukuwahi kurudi ulivyokuwa. Lori halikuwa na kosa. Kivuko cha mwisho si cha kupangia safari. Ni cha akiba, kama tairi la nyuma ya gari. Anayejua maji hupanga kurudi na kinachotangulia cha mwisho, na mwenye meli ya kuwahi hurudi na kinachotangulia hicho.

Si sisi tu. Machi 2024 meli ya kitalii Norwegian Dawn ilitia nanga São Tomé, kisiwa cha Ghuba ya Guinea. Abiria wanane walishuka na kufanya matembezi waliyojipangia nje ya yale ya meli, wakachelewa, na meli ikaondoka. Walihangaika nchi hadi nchi wakiifukuza, wakaikosa tena Gambia, wakaja kuipanda Dakar, Senegal, siku kadhaa baadaye. Kwenye biashara ya meli hizo utaratibu unajulikana: anayetembea na msafara wa meli husubiriwa, anayejitembeza hujisubiria mwenyewe. Meli yetu ya Bukoba nayo haina orodha ya nani yuko bichi. Inapiga honi, inakwenda.

Sasa waende wapi? Wageni wote hutaja Ukerewe kwanza, kwa sababu jina wameliona kwenye vitabu. Nawakatalia. Kutoka Mwanza hadi Nansio ni zaidi ya saa tatu za majini, na kurudi vivyo hivyo, kwa hiyo siku yote itaishia kwenye benchi la meli nyingine. John Speke, Mwingereza aliyeliona ziwa hili tarehe 3 Agosti 1858 na kulipa jina la malkia wake, naye alitaka kuvuka kwenda Ukerewe. Aliambiwa mitumbwi itachukua muda mrefu kukusanywa, na yeye alikuwa na mwenzake mgonjwa akimsubiri Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Akakaa siku chache, akageuka, akaenda kuutangazia ulimwengu kwamba ameona chanzo cha Nile. Ukerewe hakufika. Ni mgeni wa kwanza ninayemjua aliyeshindwa na ratiba ya kivuko Mwanza, na bado alipata la kusimulia.

Zinabaki njia mbili za maana. Moja ni Saanane, kisiwa kilicho mbele tu ya mji, ambacho boti yake huondokea Capri Point. Kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa yenye ukubwa wa kilometa za mraba 2 na ushei, pamoja na maji yake. Jina ni la mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi na kulima pale kabla ya serikali kukichukua. Kuna swala pala na tumbili, kuna pimbi wanaoota jua juu ya mawe kama wazee wa kijiwe, na kuna mamba, jambo ambalo kwa maoni yangu linatosha kumaliza mjadala wa kuogelea hapo. Saanane ni ya kupanda mawe, kutandika mkeka na kula mlichobeba. Kwa mwenye watoto wadogo na hofu ya kuchelewa, sijui pa kumshauri pazuri zaidi, maana unauona mji muda wote.

Njia ya pili ni feri ya Kamanga. Inaondokea katikati ya mji, pembeni ya Jiwe la Bismarck, lile lililopigwa picha kuliko mtu yeyote wa Mwanza, na inavuka ghuba kwenda upande wa Sengerema. Wanaopanda si watalii. Ni akina mama wenye mabeseni, pikipiki, malori, walimu, kuku waliofungwa miguu. Ndiyo maana naipenda. Kwa nauli ya mtu wa kawaida unapata upepo, miamba, mji unaorudi nyuma taratibu na kunguru wa ziwani juu ya kichwa, yaani nusu ya kile ambacho mtu anakwenda kukitafuta bichi.

Kamanga ina faida nyingine ambayo miaka michache iliyopita haikuwepo. Zamani ukikwama ng'ambo, njia ya pili ilikuwa kivuko kingine, cha Busisi, na ukishavuka hapo ulikuwa umeshazoea kusubiri. Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi lilizinduliwa, kilometa 3 za zege juu ya ghuba, likapewa jina la Magufuli. Leo kivuko kikigoma Kamanga unatafuta gari la Sengerema, unashuka Busisi, unapita juu ya maji badala ya ndani yake, unatokea Usagara, Nyegezi, Butimba, mjini. Ni mzunguko mrefu, lakini ni barabara, na barabara haingoji lori liwake. Ndiyo sababu nyingine ya kurudi mapema: mzunguko huo unahitaji saa zake, na haufai kuanzwa jua likiwa limezama.

Mtu atauliza kwa nini nisiwapeleke Butimba kwetu, wakati tuna ziwa mlangoni. Ukitaja Butimba kwa mtu wa mbali, kwanza anakuuliza una ndugu gani gerezani. Wa pili atataja chuo cha ualimu na wanamuziki wake. Ufukwe haumjii mtu akilini, na hakosei. Ghuba yetu ni ya maji mafupi, tope na matete. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kazi kwenye Ghuba ya Mwanza kwa ajili ya furu, wale samaki wadogo tuliowavua utotoni kwa ndoano ya pini, kwa sababu walikuwa wa aina nyingi kupita kiasi. Wakiwa bado wanawahesabu, sangara aliyeletwa na binadamu akaongezeka na kuwafagia mbele ya macho yao. Ni maji yenye historia kubwa, ila kuogelea ni jambo jingine.

Jambo hilo lina jina, kichocho, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu wanaojipangia safari hulisahau na wanaopangiwa hawaambiwi. Anayebeba vijidudu vya ugonjwa huu ni konokono mdogo wa maji matulivu yenye majani. Vijidudu hutoka kwenye konokono mwanga wa jua ukishapanda na huwa vingi kuelekea adhuhuri, vikitafuta ngozi ya mtu. Havihitaji kidonda. Dakika chache zinatosha. Kwa hiyo pembe ile tulivu yenye nyasi nzuri, ambayo mzazi angeichagua kwa ajili ya watoto, ndiyo ya kuikimbia, na ufukwe wa mawe au mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi una afadhali. Afadhali tu, maana hatari haiishi. Asubuhi ni bora kuliko saa sita. Na kukimbilia duka la dawa jioni ile ile hakusaidii, kwa kuwa dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo waliokwisha kukomaa na haiwamudu wachanga. Unasubiri wiki sita hadi nane, unakwenda kupima. Watoto wa shemeji walipimwa kwa sababu wiki ya saba nilipiga simu kila siku hadi akachoka.

Upepo nao unasema vile vile. Usiku hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na asubuhi maji hulala kama mafuta kwenye kikaango baridi. Mchana jua likishaichoma ardhi, upepo unageuka, unatoka ziwani, na kufikia alasiri mtumbwi uliokuwa unateleza unaanza kuruka. Mtu wa pwani huuliza maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi. Ziwa halina mambo hayo, lina saa zake za hasira, na vilevile lina miaka yake. Mwaka 2020, na tena 2024, maji yalipanda hadi yakameza fukwe ambazo watu waliziweka kwenye mipango yao kwa kumbukumbu za utotoni. Kabla hujamwahidi mtu mchanga, uliza kama mchanga bado upo.

Asubuhi ile nilikuwa gatini kabla ya meli. Waliposhuka, mama mkwe alikuwa ameshika rozari. Shemeji alininong'oneza kwamba meli ilipokaribia Mwanza, kukiwa bado na ukungu, mama alisimama sitahani na kusali mpaka walipokaribia kufunga. Sikuuliza. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, ikitoka kwao kuja kwetu na watu wengi kuliko ilivyostahili, ilipinduka karibu na hapo asubuhi, mji ukiwa karibu kiasi cha kuonekana. Waliokufa walihesabiwa kwa mamia, wengi wao wamelala makaburi ya Igoma. Kwa mtu wa Kagera wa umri wake njia hii haiwezi kuwa safari tu.

"Mwangaluka mayu," nilimsalimu Kisukuma, kumchangamsha.

"Salama baba. Hiyo feri yako inabeba watu wangapi?"

Nilidhani anatania. Tulipopanda, alikwenda mwenyewe kwa kijana aliyevaa fulana ya kazi na kumuuliza jaketi za kuokolea ziko wapi, zinafunguliwaje, na za watoto ni zipi. Kijana akamwonyesha. Akainama akajaribu kamba ya moja, akaifunga, akaifungua, akasema haya twende. Tangu siku ile nami nauliza. Mwaka 2018, Septemba 20, MV Nyerere ilizama mita chache kabla ya gati la Ukara na kuua zaidi ya watu 200, wakati uwezo wake ulikuwa watu 101. Siku hiyo ilikuwa siku ya gulio. Ukifika gatini ukakuta umati wa gulio, acha kipite, ngoja kingine. Ndiyo maana ya kuwa na saa za ziada kwenye hesabu.

Ng'ambo tulitembea mbali kidogo na gati, tukaupita mwalo wenye nyavu zilizoanikwa na dagaa waliotandazwa juani, hadi tukapata mahali pa mchanga kati ya miamba miwili ambapo mawimbi yalikuwa yakipiga. Ilikuwa saa tatu na nusu. Watoto walivua viatu kabla hatujatandika mkeka. Shemeji akaingia hadi kiunoni. Mimi niliketi na suruali yangu ndefu, viatu na soksi, kama mtu anayesubiri usaili wa kazi.

"Baba," mama mkwe aliniita, "wewe angalia kule kwenye ile feri."

Nikageuka. Niliitazama feri muda mrefu kuliko nahodha wake alivyowahi kuitazama. Nyuma yangu nikasikia khanga ikikunjwa, kisha maji, kisha mtu mzima akicheka peke yake. Sikugeuka mpaka nilipoambiwa.

Sato niliwaagiza saa tano na nusu kama hesabu inavyotaka, na waliletwa saa saba na robo, wamekaangwa wakavu, na ugali wa muhogo. Mama alikula kichwa chote, akasema samaki wa huku wana chumvi ya kutosha ila hawana senene. Saa tisa tulikuwa kwenye foleni ya feri. Shemeji alilalamika kwamba tunawahi mno, jua bado liko juu, watoto wangeogelea tena. Nikamwambia aangalie maji. Yalikuwa yameshaanza kuvaa povu.

Saa kumi na nusu tulikuwa mjini, tumebaki na muda ambao hatukuwa na la kuufanyia. Tuliketi karibu na Jiwe la Bismarck tukinunua karanga. Watoto walilala juu ya mkeka. Shemeji akakumbuka ile karatasi. Ilikuwa bado mfukoni mwake, haijasainiwa, na ofisi ilikuwa imefungwa. Tulitazamana. Kwenye hesabu yangu yote ya kurudi nyuma nilikuwa nimesahau kuweka jambo lililowaleta.

"Basi mtarudi tena," nilisema.

"Nitarudi naye," alijibu mama mkwe kabla mwanawe hajafungua mdomo.

Saa moja kasoro tulikuwa bandarini, wa kwanza kwenye mstari. Kabla ya kupanda ngazi mama alivua kandambili zake, akazigonga moja kwa nyingine kwenye ukingo wa gati. Mchanga wa Kamanga ukamwagika upande wa Mwanza. Akazivaa, akatoa rozari, akapanda.